Makita 2012NB: isafishe kabla hujaiwasha

Fundi anayetaka mbao zenye unene mmoja, na hana nafasi wala umeme wa fezi tatu wa kuendesha mashine kubwa ya chuma, akiniuliza anunue thiknesa gani nitamtajia Makita 2012NB bila kusita. Ila nitampa sharti moja: siku ya kwanza iwe ya usafi, si ya kazi. Nyingi kati ya zinazouzwa tena kwa bei ya kutupa hazijafa mota. Zimeshindwa kwa sababu ya utomvu uliokauka kwenye rola, unga wa mbao ulioshikana na mafuta mazito, na visu vilivyofungwa juu ya uchafu. Yote hayo yanatibika kwa kitambaa, brashi na saa tatu za subira.

Tuanze na mashine yenyewe. Inapokea ubao wenye upana hadi milimita 304 na unene hadi milimita 155. Mota ni ya wati 1650, ngoma ina visu viwili na inazunguka mara 8,500 kwa dakika, na rola mbili za mpira zinauvuta ubao kwa mwendo wa mita 8.5 kwa dakika. Kwa hiyo ubao wa mita 3 unapita kwa sekunde 21 hivi. Uzito ni kama kilo 28: watu wawili wanaipandisha kwenye bajaji bila shida, na jioni inarudi ndani ikafungiwe. Kwenye karakana isiyo na ukuta wala mlango wa kuaminika, hilo si jambo dogo.

Kitu kimoja lazima kieleweke kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hii si sefesi, yaani mashine ya kunyooshea uso wa ubao uliopinda. Ubao uliojipinda ukiingia humu, rola zinaubana chini hadi ulale, visu vinakula, kisha ukitoka unarudi kwenye pindo lake, umekuwa mwembamba tu. Upande mmoja ni lazima unyooshwe kwanza kwa sefesi au randa ya mkono, ndipo mashine hii ifanye kazi yake, nayo ni kuufanya upande wa pili ulingane na ule wa kwanza. Anayelalamika kwamba mashine "hainyooshi" ameinunua kwa kazi isiyo yake.

Kibao cha maelezo kwanza

Mashine za namba hii zinatengenezwa kwa volti tofauti kulingana na soko. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Iliyotoka Uingereza inaweza kuwa ya 230 hivi au ya 110, na ile ya 110 hutambulika kwa plagi ya njano ya duara wanayotumia kwenye maeneo ya ujenzi. Muuza mtumba akikata plagi ya njano na kufunga plagi ya kawaida ya pini tatu, alama imepotea, na mota itaungua mara utakapobonyeza swichi. Soma kibao kilichopigwa kwenye mwili wa mashine, usisome plagi. Ukikuta 110 au 120, tafuta transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa VA 3000. Ndogo kuliko hiyo itachemka, maana mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa. Tofauti ya hezi 50 na 60 isikusumbue: mota hii ni ya brashi za kaboni na haijali hezi.

Waya wa kurefushia nao unaua mota polepole. Kwa umbali wa hadi mita 20 tumia waya wa milimita mraba 2.5, na uukunjue wote. Waya mwembamba wa kuchajia simu unashusha volti, mota inakosa nguvu kwenye ubao mpana na inapata joto. Hapo watu huilaumu mashine.

Ukiifungua kwenye boksi

Mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu kwenye meza na kwenye visu. Usirande ubao juu ya mafuta hayo. Yanaingia kwenye nyweleo za mbao, na vanishi ikipakwa juu haishiki. Chomoa umeme, loweka kitambaa cha pamba kwenye mafuta ya taa, futa meza yote pamoja na vibawa vyake vya mbele na nyuma, kisha pitisha kitambaa kikavu hadi kisitoke na rangi. Rola usiziguse na mafuta ya taa, na petroli au tina ndiyo kabisa usizisogeze. Mpira unavimba, unalainika, halafu unaanza kupasuka.

Meza ikishakauka, ipake nta. Nta ya nyuki inafaa, na hata mshumaa mweupe wa dukani unafaa: sugua kote, kisha ng'arisha kwa kitambaa hadi ubao uteleze kwa kusukumwa na kidole. Kazi ya nta hapa ni mbili, kuzuia kutu na kupunguza msuguano ili rola zisihangaike. Epuka vipulizo na nta za gari zenye silikoni. Ikishika kwenye mbao, vanishi itafunguka vishimo vidogo vya duara kama macho ya samaki, na tiba yake ni kukwangua yote na kuanza upya.

Ukiinunua mtumba

Hapa ndipo saa tatu zinapokwenda. Fungua kifuniko cha maranda kwa nyuma, toa yaliyosongamana kwa mkono na brashi ya rangi iliyokatwa fupi, kisha puliza. Kama una kompresa, shusha presha hadi baa 2 au 3 na upulize kutoka ndani kwenda nje, ukianza na matundu ya hewa ya mota. Presha kubwa inasukuma unga ndani ya beringi badala ya kuutoa. Mashine iliyokaa stoo muda mrefu ichunguzwe matundu hayo kwa tochi: nyigu wa udongo wanayapenda, na donge moja linatosha kuzuia hewa ya kupoza mota.

Kisha mnyororo. Uko nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia, na wengi hawajui kama upo. Utaukuta umevaa tope jeusi la unga na mafuta. Safisha kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, ukihakikisha hayadondokei rola, kausha, halafu tia mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani, tone kwa tone. Grisi hapana. Oili chafu ya injini hapana. Vyote viwili vinanasa unga, na baada ya mwezi una msasa unaojisugua ndani ya mnyororo wako.

Nguzo nne na skrubu za kupandishia kichwa, yaani sehemu ya juu iliyobeba ngoma na rola, zifuate. Pandisha kichwa hadi juu kabisa, futa nguzo, tia mafuta mepesi, futa yaliyozidi. Shusha hadi chini, pandisha tena, futa tena. Mara ya pili kitambaa kitatoka cheusi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu skrubu zimetapika uchafu wa ndani. Rudia hadi kitoke safi. Mpini wa kupandishia kichwa ukiwa bado mzito baada ya hapo, angalia kutu kwenye nguzo, uiondoe kwa sufu ya chuma laini iliyoloa mafuta. Msasa usiutumie, unaacha mikwaruzo ambayo unga utaikalia.

Rola zioshwe kwa sponji yenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukizizungusha kidogo kidogo. Utomvu mgumu usiukwangue kwa kisu. Weka kitambaa chenye maji ya sabuni juu yake kwa dakika 10 na utaachia. Rola safi inashika kidole ukiipapasa. Rola chafu inang'aa kama kioo na kidole kinateleza. Ukisikia ubao umesimama katikati huku ngoma ikiendelea kupiga kelele mahali pamoja, na baadaye ukaona mstari wa kahawia wa kuungua umekatiza ubao, sababu ya kwanza ni rola hizo, ya pili ni meza isiyo na nta, na ya tatu ni visu butu. Fuata mpangilio huo kabla ya kununua chochote.

Visu

Sehemu hii isomwe taratibu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha uso laini na uso wenye mawimbi.

Ngoma inazunguka mara 8,500 kwa dakika, na katika dakika hiyohiyo ubao unasogea milimita 8,500. Maana yake kila mzunguko mmoja ubao umesogea milimita 1. Visu vikiwa viwili na vyote vinakula, kila kimoja kinaacha alama yake nusu milimita kutoka kwa mwenzake, na jicho haliioni kirahisi. Sasa chukulia kipande cha utomvu, chembamba kama karatasi, kimebaki chini ya kisu kimoja wakati wa kukifunga. Kisu hicho kinainuka kidogo kuliko mwenzake. Kuanzia hapo kinakula peke yake, na alama zinakuwa milimita 1 moja hadi nyingine. Inua ubao, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha uanguke kwa ubavu, utaona vijiwimbi vimejipanga kama mabati. Fundi anapaka sandingi sila (ile ya kuziba nyweleo kabla ya vanishi) mara mbili, mawimbi bado yanaonekana chini ya vanishi, na chanzo ni punje ya uchafu.

Kwa hiyo, umeme umechomolewa, vaa glavu, fungua kisu kimoja kwa wakati. Mashine inakuja na spana yake na vishikizo vya sumaku vya kunyanyulia kisu, na mtumba mara nyingi vimepotea. Dai vishikizo hivyo kwa muuzaji au utafute sumaku mbili zenye nguvu, kwa sababu kunyanyua kisu kipya kwa kucha ni kualika damu. Safisha kiti cha kisu, bamba la kukibania na boliti zake zote, kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha kitambaa kikavu. Pitisha ukucha kwenye kiti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikwama popote, bado hapajawa safi. Rudisha kisu, kaza boliti kwa zamu kidogo kidogo ukianzia katikati kwenda pembeni, ndipo uhamie kisu cha pili. Mwisho zungusha ngoma kwa mkono mzunguko mzima, usikie kama kuna kinachogusa.

Visu hivi vina makali pande zote mbili. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa, na vinabadilishwa vyote viwili pamoja. Kuna wanaovinoa kwenye mashine ya kunolea ili kubana matumizi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kisu kikishanolewa kinakuwa chembamba kuliko kipimo ambacho kiti chake kinakitarajia, na kimoja kikipungua uzito kuliko mwenzake, ngoma ya mizunguko 8,500 inaanza kutetemeka na beringi zinakula hasara. Gharama ya visu iwekwe kwenye bei ya kazi tangu mwanzo, kama msasa na gundi.

Dalili za kisu butu ni sauti kubadilika kutoka mluzi kuwa mngurumo, nyuzi za mbao kung'oka karibu na vifundo, na maranda kutoka kama unga badala ya vipande vilivyojikunja. Mstari mmoja ulioinuka unaokwenda urefu wote wa ubao ni pengo kwenye makali, na karibu kila mara umesababishwa na msumari.

Mbao zetu na mashine hii

Paina, kama ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi, ni laini na visu vinaipenda, ila utomvu wake ndio adui mkuu wa rola. Anayeranda paina kutwa asafishe rola na meza kila jioni. Mtiki una silika na unakula makali haraka. Mvule una tabia yake: ndani ya mti hujijenga mawe ya chokaa, magumu kweli, na huwezi kuyaona kwa nje hadi kisu kiyagonge. Kwa mvule punguza kina cha kukata, sikiliza sauti, na usiweke visu vipya kwenye mzigo usioujua. Vumbi la mvule pia linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa si hiari.

Mbao mbichi ni kesi nyingine. Maranda yenye maji hayaruki, yanashikana chini ya kifuniko, rola zinateleza, na unyevu unaobaki usiku kucha unaamsha kutu kwenye nguzo. Ubao ambao bado ni mzito na wa baridi ukiugusa, uache ukauke.

Udhaifu mkubwa wa 2012NB kwa maoni yangu upo hapa kwenye maranda. Haina feni yake ya kuyatoa. Ubao wa mita 3 wenye upana wa sentimita 20, ukitolewa milimita 1 tu, unatoa zaidi ya nusu lita ya mbao halisi, na ikishakuwa maranda inakaribia ndoo ya lita 5. Yote hayo yanatupwa nyuma, mengine yanarudi juu ya ubao, rola inayakandamiza na yanaacha vibonyeo usoni mwa mbao. Bomba la kuunganisha na kivuta vumbi linauzwa peke yake. Linunue pamoja na mashine, usingoje.

Kina cha kukata: hadi milimita 3 kwa ubao usiozidi upana wa milimita 150. Kwa upana wote wa 304 usivuke milimita 1, na pasi ya mwisho iwe nusu milimita. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 usikipitishe peke yake, kwani kinaweza kuachiwa na rola moja kabla ya kushikwa na nyingine.

Ncha za ubao kuliwa zaidi, sentimita 5 hadi 7 za mwisho, ni tatizo la thiknesa zote ndogo, na hii ina kibano cha kujifunga chenyewe kinachozuia kichwa kucheza, hivyo tatizo linapungua sana. Linalobaki, lirekebishe kwa vibawa vya meza: laza rula ndefu iliyonyooka juu ya meza, kisha pandisha ncha za nje za vibawa viwe juu kidogo, kiasi cha unene wa kadi ya simu. Ubao mrefu uushike kwa mkono hadi uachiwe kabisa na rola.

Kupima kama kichwa kimekaa sawa hakuhitaji fundi mwingine. Chukua vipande viwili vya ubao uleule, kimoja kipite ukingo wa kushoto, kingine ukingo wa kulia, bila kugusa mpini. Pima vyote kwa kalipa. Tofauti ikiwa chini ya milimita 0.2, fanya kazi. Ikizidi, rudi kwanza kwenye visu na viti vyake, ndipo ushuku nguzo.

Ratiba ninayoiamini

Kila jioni: toa maranda, futa meza, angalia rola. Kila wiki: nta kwenye meza na mafuta mepesi kwenye nguzo na skrubu. Kila mwezi, au baada ya mzigo mkubwa: fungua kifuniko cha kulia, safisha mnyororo. Brashi za kaboni zikaguliwe pia kila baada ya miezi michache. Zina alama ya kikomo, na zikifika hapo zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Cheche za bluu zinazozunguka duara zima, harufu ya kuungua, au mota kukatakata sauti zinakuambia umechelewa.

Kwa walioko Tanga, Mombasa, Unguja au popote hewa ya chumvi inapofika, hiyo nta ya kila wiki iwe ya kila baada ya siku tatu. Na usiifunike mashine kwa nailoni usiku. Nailoni inafungia unyevu ndani, na asubuhi nguzo zina madoa ya rangi ya chungwa. Shuka kuukuu la pamba linatosha.

Kelele ni kubwa, kwa hiyo nunua vizuia masikio siku hiyohiyo. Kwa anayeranda lori la mbao kwa siku, hii si mashine yake. Huyo atafute ya chuma cha kumwaga yenye mota ya fezi tatu. Kwa anayetengeneza milango, vitanda na makabati, mbao kumi au ishirini kwa siku, pamoja na bomba la vumbi na seti moja ya visu vya akiba, fedha yake itakuwa imekaa mahali pazuri.